Betri ya Gari la Supu

Ketill alipokabidhiwa ufalme wa mlima, jambo la kwanza alilofanya ni kuwakataza watu kupiga porojo redioni. Jambo la pili, kesho yake asubuhi, ni kupiga porojo redioni.

Ufalme wenyewe hauna kiti wala walinzi. Kila Septemba wakulima wa bonde hupanda farasi na kwenda nyanda za juu kuwasaka kondoo waliokuwa wakijilisha wenyewe kiangazi kizima, na anayeongoza msako ndiye mfalme wa mlima. Yeye husema nani apite wapi, nani amsubiri nani, lini kulala na lini kuondoka. Akikosea, kondoo hubaki juu na theluji huwafunika. Akipatia, hakuna anayemsifu. Watu hula supu tu.

Miaka mingi mfalme alikuwa Sæmundur, aliyetawala kwa koo lake. Alipiga ukelele hapa, mlima wa pili ukaitika. Ketill hakuwa na koo la namna hiyo. Yeye alikuwa mtu wa redio, zile redio za upepo za mkononi, na ndiye aliyewasumbua watu wa wilaya hadi wakachoka wakakubali kuweka ripita juu ya mlima Hetta. Ripita ni kisanduku cha chuma ndani ya kibanda cha bati, antena ndefu juu ya paa, paneli ya jua ukutani, betri mbili sakafuni. Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Redio ya mkononi haipenyi mlima. Ukiwa magharibi ya Hetta na mwenzako yuko mashariki, bonyezeni hadi vidole viote sugu, hamtasikiana. Lakini kisanduku kilichoko kileleni kinawaona wote wawili. Kinadaka neno la huyu na papo hapo kinamrushia yule. Ukiachia kitufe, kinakujibu kwa mlio mdogo, tik, maana yake nimekusikia na nimepeleka.

Simu za mkononi huko juu ni vioo vya kujitazamia meno.

Jioni ya kuamkia msako, wote wakiwa wamebanana ndani ya kibanda cha kulala, soksi zimeanikwa juu ya jiko, Ketill alisimama.

"Mvua imenyesha wiki mbili," alisema. "Paneli haijaona jua. Betri ziko nusu. Kila mnapobonyeza kitufe, kisanduku kinakula betri. Kwa hiyo maneno mafupi. Umeona kondoo, sema umeona. Umevuka, sema umevuka. Habari za mkeo na mguu wa ng'ombe wako tutazisikia kwenye supu."

"Na mashairi?" aliuliza Isleifur. Huyu alikuwa jirani wa Ketill, mtu mnene mwenye masharubu, ambaye akipanda farasi watu humpa pole farasi.

"Mashairi hasa."

Wote waliguna. Katika bonde lile, mtu asiyeweza kutunga ubeti wa mistari minne akiwa juu ya tandiko hutazamwa kama mtu mwenye ugonjwa. Zamani walitungiana wakikutana zizini. Tangu redio zije, walitungiana mlima kwa mlima, na kila mtu akisikia. Na palikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Ukipigwa ubeti, unajibu, au unanyamaza hadi upate jibu. Kusema "umenishinda" hakuna aliyewahi kusema. Kuna watu bondeni wamezikwa wakiwa bado wanatafuta kina.

"Mwaka mzima tunangoja siku hii halafu unatufunga midomo," alisema Oddný, dada yake Ketill, akijichotea ugoro kutoka kwenye pembe. "Ufalme umemlevya huyu."

"Ukikosa la kusema, kisanduku kitapona," Ketill akamjibu.

"Mimi nikose? Kalale, kaka."

Asubuhi Ketill alimkagua kila mtu kabla hajapanda. Antena imekazwa hadi mwisho? Maiki ya begani imebanwa vizuri, isije ikanasa kwenye hatamu? Betri ya akiba iko mfuko wa ndani, karibu na ngozi, maana baridi huiua betri kuliko matumizi? Isleifur alikataa kifaa cha sikioni kwa sababu kinamtekenya.

"Na ripita ikinyamaza?" Ketill aliwauliza, kama mwalimu.

"Tunahamia chaneli ya moja kwa moja," waliitika kwa uvivu, "na tunapanda mahali pa juu."

"Msisahau."

"Ndiyo, Mtukufu," alisema Oddný, na watu wakacheka.

Wakagawanyika. Ketill alichukua upande wa magharibi, kando ya mto Grugga, mahali unapotoka kwenye barafu kuu. Kutoka hapo mto huuzunguka mlima Hetta kwa mbali, kama mtu anayemkwepa mdai wake, na kutokea upande wa mashariki. Huko mashariki ndiko alikokwenda Oddný na binti yake Salvör, kukusanya kundi kubwa kuliko yote, kisha kuvuka Grugga kwenye kivuko cha miguu na kushuka nalo. Isleifur na wengine walishika katikati, kwenye mabonde ya chini. Gróa, mpishi, alimfuata Ketill polepole na gari la mizigo lililobeba mahema, viazi na sufuria kubwa ya supu.

Hali ilikuwa nzuri mno. Ukungu ulikaa juu tu, chini kukawa kweupe, na kondoo walikuwa wakitoka kwenye mikunjo ya ardhi kama chawa kwenye mshono. Redioni maneno yalikuwa mafupi. "Nimeona thelathini, wanashuka." Tik. "Nimewapata, asante." Tik. Ketill alikuwa akijiona mfalme kweli.

Kisha akamsikia Oddný akimwambia binti yake, redioni, kwamba mbwa wao amelala tena.

Ketill aliuma mdomo. Alijitahidi, Mungu anajua. Mkono ukapanda wenyewe hadi begani, ukabonyeza.

"Dada una mbwa mvivu,
kondoo wanampita,
alala kwenye majivu,
nawe wachoka kumwita."

Tik, kisanduku kikasema. Kilikuwa kimepeleka.

Ilikuwa kama kufungua lango la zizi. Isleifur akaingia na ubeti kuhusu tandiko la Ketill. Mwingine akamtungia Isleifur kuhusu mgongo wa farasi wake. Mtu wa kusini kabisa, ambaye huwa hasemi hata kanisani, alitoa mbili mfululizo. Kila ubeti ulifuatwa na watu kumi wa kubonyeza ili wacheke tu. Tik, tik, tik. Ketill alijua, kila mlio ulimchoma kidogo, lakini alikuwa ameanza yeye, na tena ya kwake ilikuwa ndiyo bora hadi wakati ule.

Hadi Oddný alipojibu. Aliongea taratibu, kila mtu asikie.

"Kaka umepewa taji,
kichwa hakijaenea,
ukiyaona tu maji,
nyumbani wakimbilia."

Watu walivunjika mbavu. Mwaka uliotangulia, farasi wa Ketill aliteleza katikati ya Grugga, Ketill akasombwa hadi kwenye mchanga, akarudi bondeni amevaa koti la mvua la Gróa, lile lenye maua. Jambo hilo lilikuwa halijazeeka hata kidogo.

"Ketill?" Oddný aliita. "Upo, kaka? Nasikia kimya. Ova."

Ketill alikaa juu ya farasi wake Mósi na kutafuta jibu. Alijaribu kina hiki, akajaribu kile. Alisukuma kondoo huku midomo ikichezacheza. Alipanda kilima, akashuka, akapoteza hesabu ya muda. Redio nayo ilikuwa kimya, na yeye alidhani watu wanamngoja.

Aligutushwa na pua yake.

Harufu ya mayai yaliyooza. Ilitoka mtoni, ikapanda ukingo, ikamkaa kooni. Mtu yeyote aliyekulia bonde lile, hata akiamshwa usingizini, anajua maana yake. Chini ya barafu kuu kuna moto, juu ya moto kuna maji yaliyofungiwa, na maji hayo yakipata upenyo hutoka yote kwa pamoja, yakinuka. Ketill alimgeuza Mósi. Grugga, ambao asubuhi ulikuwa wa kijivu na mpole, ulikuwa mweusi. Ulibeba vipande vya barafu vyenye ukubwa wa matrekta, navyo vilikuwa vikigongana. Jiwe kubwa walilozoea kufungia farasi halikuonekana tena.

"Oddný!" Alibonyeza. "Oddný, usivuke! Unanipata?"

Akaachia kitufe, akasikiliza.

Hapakuwa na tik.

Akabonyeza tena. Kimya, kile kimya kikavu cha redio inayozungumza na hewa. Kisanduku kilikuwa kimekufa, na Ketill hakuhitaji mtu wa kumweleza kimeuawa na nini. Alihamia chaneli ya moja kwa moja. "Yeyote, yeyote, hapa Ketill!"

"Hapa Gróa," sauti ikajibu, nene na ya karibu. "Niko nyuma yako, punguza makelele. Umeuona mto?"

"Nimeuona. Unamsikia Oddný?"

"Kuna mlima katikati, bwana. Namsikiaje?"

"Isleifur je?"

"Isleifur hajahama. Hakuna aliyehama. Wewe mwenyewe umehama sasa hivi."

Hapo ndipo Ketill alipoelewa ubaya wa jambo lenyewe. Hakuna aliyeshtushwa na ukimya. Wote walidhani mfalme anatafuta kina. Oddný alikuwa huko mashariki, redio kifuani, akitabasamu, akingoja ubeti, na huku analipeleka kundi lote na mwanawe mwenyewe kivukoni. Na upande wake mto ungeonekana wa kawaida kabisa. Maji yalikuwa bado njiani, yakiuzunguka mlima.

Mto unazunguka. Mtu anaweza kukata moja kwa moja kwenda juu.

Alimfikia Gróa kwa mbio, akaruka chini.

"Nipe betri ya gari."

"Betri ya nini?"

"Ya gari! Fungua boneti!"

"Na supu yangu nitaishusha na nini, mabawa?" Lakini tayari alikuwa ameshafungua, spana mkononi. Gróa alikuwa na mdomo mkali, ila mikono yake haikuwahi kuungoja mdomo umalize. "Chukua na waya za kuwashia. Ile nyeusi klipu yake imekufa, haibani, utaishika kwa mkono. Na Mósi hawezi kubeba uzito upande mmoja, atapinduka. Ngoja."

Wakatia betri kwenye mfuko mmoja wa tandiko, na mfuko wa pili Gróa akaujaza viazi hadi ukalingana. Akaupima kwa jicho, akaongeza viazi viwili.

"Ketill," alisema, akimshika buti. "Ukifika, usianze na ubeti."

Mósi alipanda Hetta kama aliyetukanwa. Farasi wale ni wafupi na wana manyoya kama mazulia, lakini ukiwaachia hatamu kwenye mawe wanajua pa kukanyaga kuliko wewe. Ketill alimwachia. Kokoto ziliporomoka nyuma yao. Betri iligonga ubavuni, viazi vikagonga upande wa pili, ukungu ukawameza, na kila hatua Ketill aliona picha ile ile: Salvör juu ya farasi wake mwekundu, katikati ya kivuko, akigeuka nyuma kuwaita kondoo.

"Twende, mwanangu," alimwambia Mósi. "Twende, twende, nitakupa shayiri hadi upasuke."

Mteremko ulipokuwa mkali zaidi, alishuka na kumkokota. Kisha Mósi akamkokota yeye. Walitokea kileleni wote wawili wakihema kama viriba, na kibanda cha bati kilikuwa pale, antena ikilia kwa upepo.

Aliupiga mlango teke. Ndani, taa zote za kisanduku zilikuwa zimezimika. Aliburuta betri hadi sakafuni, akafungua nyaya za betri zilizokufa kwa vidole ambavyo havikuwa vyake tena, akabana klipu nyekundu mahali pake. Nyeusi haikubana, kama Gróa alivyosema. Akaishika mwenyewe, akaigandamiza kwa kidole gumba.

Feni ndogo ndani ya kisanduku ikakoroma. Taa ya kijani ikawaka.

"Haya!" Ketill alipiga yowe peke yake. Akarudisha redio kwenye chaneli ya ripita, akainua mkono wa pili kubonyeza.

Kabla hajagusa kitufe, sauti ikalipuka kutoka begani mwake.

"Nimepata!" ilikuwa ya Isleifur, imejaa furaha ya mtu aliyetunga tangu asubuhi. "Jamani, sikilizeni, nimempatia mfalme jibu, beti tatu! Ya kwanza inakwenda hivi..."

Mtu mmoja akishabonyeza, wengine wote ni mabubu hadi aachie. Na Isleifur akianza hakuwa mtu wa kuachia. Alisafisha koo. Akaanza ubeti. Ulikuwa unahusu samaki.

Ketill alitazama kidole gumba chake juu ya klipu. Akakiinua.

Kijani kikazimika. Isleifur akakatika katikati ya samaki.

Kibandani mlibaki upepo tu. Ketill alihesabu moyoni beti tatu za Isleifur, akaongeza na muda wa Isleifur kujichekea mwenyewe, ili awe ameachia kitufe. Kisha akagandamiza tena. Feni, kijani, na mara hii kitufe kilibonyezwa kabla feni haijashika kasi.

"Oddný, Oddný, hapa Ketill. Usivuke Grugga. Barafu imepasuka, mafuriko yako njiani yanakuja kwako. Usivuke! Ova."

Tik.

Halafu kicheko.

"Umekaa muda wote huo unaniletea hilo?" Oddný alikuwa akifurahi kabisa. "Halina hata kina, kaka! Maji hapa ni ya goti. Salvör yuko katikati saa hizi. Ova."

"Mtoe! Oddný, sitanii!"

"Hata mwaka jana hukutania. Ulikunywa nusu ya mto."

"Na mimi nimekatwa!" Isleifur aliingia. "Kuna mtu amenikata! Narudia toka mwanzo..."

Ketill akainua kidole, akamzima, akahesabu tena, akagandamiza. Klipu ilikuwa inarusha cheche. Akiwaambia kuhusu harufu, wangecheka. Akiwaambia kuhusu barafu kubwa kama matrekta, wangesema mstari wa tatu umezidi mizani. Kila neno ambalo angesema juu ya maji lingekuwa jibu la ule ubeti wa maji. Palikuwa na neno moja tu ambalo hakuna aliyewahi kulisema kwa mzaha, kwa sababu hakuna aliyewahi kulisema kabisa.

Akabonyeza.

"Oddný, nisikilize. Umenishinda. Ubeti wako sina jibu lake, na sitalipata. Nimeshindwa, na wote wanasikia. Sasa mtoe mwanao majini."

Tik.

Hakuna aliyecheka. Nyanda zote za juu, watu na farasi na redio zao, walinyamaza kwa pamoja. Hata Isleifur.

Kisha kitufe cha Oddný kikabonyezwa, lakini hakuwa akizungumza na Ketill. Alikuwa ameikamata maiki pamoja na hatamu kwenye ngumi moja, hakujua, na kila mtu mlimani alisikia kila kitu.

"Salvör! Rudi! Geuza farasi!"

Sauti ya mbali ya msichana: "Nini? Nimeshafika nusu!"

"Rudi, nasema! Waache kondoo! Rudi!"

Kwato juu ya mawe. Mbwa anabweka, yule yule mvivu. Maji yakirushwa. "Mama, Flekka hataki hata kuingia, tumemvuta pembe..." "Mwache Flekka! Mgeuze, mgeuze, wapeleke juu, juu!" Kondoo wakilia, mamia yao, kama umati sokoni. Pumzi ya Oddný, kubwa, karibu kabisa na maiki. Halafu nyuma ya yote hayo ukaanza mngurumo. Mwanzo ulikuwa kama lori mbali sana. Ketill akalisikia lori likikaribia. Aligandamiza klipu hadi kidole kikawa cheupe, maana ikikatika sasa asingejua, na hakuweza kuvumilia kutojua.

"Salvör, mkono! Nipe mkono!"

Mngurumo ukameza kila kitu. Redio ikatoa kelele tupu.

Tik.

Ketill hakuita. Aliogopa kuita. Mósi alikuwa ameingiza kichwa mlangoni, anamtazama.

Hatimaye redio ikakohoa.

"Ketill." Sauti ya Oddný ilikuwa imepungua, kama ya mtu aliyekimbia tangu bondeni. "Tumetoka. Sote. Kofia ya Salvör imekwenda. Kondoo wote wako juu kilimani, wanatutazama kama wendawazimu. Kivuko hakipo. Nasema hakipo, kaka, pale Salvör aliposimama kuna barafu kubwa kuliko kanisa." Akavuta pumzi. "Flekka alikuwa amegoma tangu tulipofika. Mimi nilikuwa namtukana. Ova."

Flekka alikuwa kondoo kiongozi, wa ile mbegu ya miguu mirefu inayojua hali ya hewa kabla ya watu. Mwaka mwingine wangemsikiliza.

"Mpe mkate," Ketill alisema. "Mpe mkate wangu wote. Kisha, maji yakishapungua, shukeni mzunguke hadi daraja la chini. Isleifur, chukua watu wanne umpokee darajani. Maneno mafupi. Kama kuna mtu atatunga kitu, mimi ndiye nimeshika waya, na mmeona nafanya nini."

"Kumbe ni wewe!" Isleifur alisema.

"Ni mimi."

"Ulinikata kwenye samaki!"

"Nitakukata tena. Ova."

Na mara hii kicheko kilipozunguka mlimani, tik kwa tik, Ketill alikiacha kidogo. Betri ilikuwa ya lori. Ilikuwa na nguvu ya kutosha kwa kicheko kimoja.

Alishinda kule juu hadi kundi la mwisho lilipopita darajani, ameketi juu ya kiroba cha viazi, kidole gumba kwenye klipu, akipokea habari za kila upande na kuzirudisha. Alikula kiazi kibichi. Alimpa Mósi vingine. Alikuwa na baridi ya kufa na hakukumbuka kama aliwahi kuwa na siku nzuri kuliko ile.

Gari lisilo na betri halishuki, kwa hiyo supu ilishushwa na farasi wawili wa Isleifur, sufuria ikining'inia katikati yao, Gróa akitembea nyuma na mwiko akitishia kila aliyekanyaga vibaya. Walifika zizini jua likizama. Kondoo walikuwa wamejaa hadi nje ya kuta, bonde zima limekuja, wazee wamekaa juu ya ukuta, chupa za mifukoni zinazunguka, watu wanaimba kwa sauti nne kama desturi. Salvör alikuwa amevaa kofia ya kuazima. Ketill alimshika mabega, akamtazama, akamwachia.

Supu ilipokwisha kugawiwa, mzee Sæmundur aliteremka ukutani. Alikuwa amesikiliza siku nzima kwa redio ya jikoni kwake, kama bonde zima.

"Basi nani kashinda?" aliuliza kwa lile koo lake, na watu wote wakageuka. "Maana nimesikia neno leo ambalo sijalisikia tangu nizaliwe."

Ketill aliweka bakuli chini. Masikio yalimwaka. Alikuwa tayari kulisema tena, akafungua mdomo.

"Hakuna aliyeshinda," Oddný alidakia, mdomo umejaa nyama. "Betri iliisha. Shindano limeahirishwa hadi mwakani."

"Mimi nimesikia..."

"Umesikia redio mbovu, mzee. Kuna mlima katikati." Akamsukumia kaka yake bakuli. "Kula. Una mwaka mzima wa kutafuta kina."

Ketill alikula. Alikuwa ameshalipata jibu lake, kwa kweli. Lilimjia akiwa njiani kushuka, mistari yote minne, safi, kali, na lingemmaliza dada yake mbele ya bonde zima. Alimtazama akimkatia Flekka kipande cha mkate juu ya ukuta, akaamua libaki humo humo tumboni na supu.

Isleifur akapanda juu ya benchi. Benchi likalia.

"Sasa basi," alisema, akisokota masharubu, "kwa kuwa hapa hakuna waya, beti tatu. Ya kwanza inahusu samaki."

Taa ya zizini ilikuwa imechomekwa kwenye nyumba ya jirani kwa kamba ndefu ya umeme. Kamba hiyo ilikuwa imeungwa kwa plagi nyuma ya Ketill. Watu wote, bila kuambizana, waligeuka kumtazama, na Gróa akamsogezea plagi kwa ncha ya buti.